Unga Uliokwenda Zuhura

Kwa miaka kumi na tisa Bi Shariffa binti Sleiman aliosha vyupa walivyovichafua watu wengine. Alikuwa mhudumu wa maabara katika skuli moja ya wasichana huko Ghubra, Maskati, mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, mwenye koti jeupe alilolifua mwenyewe kila Alkhamisi. Walimu walimpenda kwa sababu havunji kitu na haulizi kitu. Wakimwita "Mama Shariffa", wakimkabidhi sinia la vioo, na mara nyengine wakimtuma chai.

Siku moja tu, mwaka 1991, alijisahau. Mwalimu mpya, binti mdogo aliyetoka ng'ambo, alikuwa mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, akanyanyua jagi la maji ayamimine ndani ya asidi kali. Maji hayajadondoka, mkono wa Bi Shariffa ulishamshika.

"Asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, mwalimu," alimnong'oneza kwa Kiarabu. "Ukifanya kinyume chake itakurukia usoni."

Baada ya kipindi binti yule alimfuata kwenye karo. "Umejuaje?"

"Nliona kwa mwalimu aliyekutangulia," alisema Bi Shariffa, akafungua bomba kwa nguvu ili mazungumzo yaishe.

Ulikuwa uongo. Bi Shariffa alikuwa na shahada ya kemia, na aliipata Urusi.

Alizaliwa Unguja mwaka 1946. Baada ya mapinduzi, serikali mpya ilichagua vijana waliofaulu hesabu ikawapeleka kusoma katika nchi za kikomunisti, na yeye akawamo, msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwa hajawahi kuvaa soksi za sufu. Alikaa Leningradi miaka sita. Aliporudi alifundisha kidogo Unguja, kisha mwaka 1974 akaondoka kimyakimya, akapitia Dar, akapitia Dubai, akaingia Maskati alikokuwa amemtangulia kaka yake, Awadh.

Siku ya tatu tangu afike, Awadh alimwomba ile karatasi ya chuo. Alidhani anataka kuiona. Awadh aliisoma, au alijitia kuisoma, maana ilikuwa Kirusi mwanzo hadi mwisho, kisha akaiweka juu ya jiko la makaa.

"Kaka!"

"Huku watu wanapigana vita na wakomunisti, kule kusini, Dhofari, Shariffa. Ukiitoa karatasi hii, mimi na wewe tutaulizwa maswali tusiyoyaweza. Wee ulikuwa Dar, unasomea uuguzi, ukaacha. Umefahamu?"

Alifahamu. Na kama alikuwa na shaka, ilimtoka mwaka uliofuata alipoposwa na Hamoud, mfanyakazi wa idara ya barabara, mtu mpole, mzaliwa wa Tabora. Miezi minne kabla ya harusi, mdogo wake Hamoud, aliyekuwa askari na akiitwa Saeed, alikanyaga bomu la ardhini kule Dhofari. Bomu lilikuwa la Kirusi. Hamoud aliitundika picha ya Saeed chumba cha kulia, na tangu siku hiyo jina la Urusi likitajwa kwenye redio aliinuka akaizima. Bi Shariffa angeanzia wapi kumwambia? Mwaka wa kwanza alingoja apoe. Mwaka wa tano aliona wakati umeshapita. Awadh alipofariki mwaka 1989, hakubaki mtu Maskati anayeijua siri hiyo isipokuwa mwenyewe.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Rahaf, na Rahaf akachagua kusoma kemia chuo kikuu, Al Khoudh. Mama mtu alilia alipoambiwa. Rahaf alidhani ni furaha.

Mwezi wa kumi mwaka 1997 Rahaf alirudi nyumbani na karatasi ya tangazo. Kulikuwa na mgeni, mtaalamu wa sayari, anakuja kutoa mhadhara alasiri kuhusu vyombo vya mwanzo vilivyokwenda Zuhura. Alitaka mama yake aende naye.

"Mie nitafahamu nini?"

"Utafahamu, Mama. Kutakuwa na picha. Nami ntakutafsiria."

Bi Shariffa alikwenda kwa kumridhisha mtoto. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, wasichana upande wao na wavulana upande wao, na walimu wamekaa safu za mbele. Walipata viti katikati. Mgeni alipopanda jukwaani na kuanza kwa Kiingereza, Bi Shariffa alisikia zile "r" nzito akajikuta amelishika pindo la buibui lake. Alikuwa Mrusi. Jina lake Dokta Lev, mtu mrefu aliyepinda mgongo, shati limemlowa jasho kwa joto la Maskati.

Alisimulia vizuri. Alisema hadi miaka ya sitini wataalamu wengi walikuwa bado wanabishana kuhusu kilichoko chini ya mawingu ya Zuhura. Wengine walisema majangwa, wengine mabwawa na misitu yenye mvua, wengine bahari tupu. Kwa hiyo Warusi walipotengeneza chombo chao kilichoitwa Venera 4 walikitengeneza kiweze kuelea, na wakakitilia kufuli la sukari. Kikiangukia majini, sukari itayeyuka na mtambo wa kupelekea habari utafunguka.

Ukumbi mzima uliguna. "Sukari?" Rahaf alimgeukia mama yake. "Sukari ya chai, Mama!"

"Ile sukari haikupata maji ya kuiyeyusha," aliendelea Dokta Lev. Chombo kilifika tarehe kumi na nane Oktoba 1967, kikateremka kwa mwavuli kwa muda wa dakika tisini na tatu huku kikipeleka habari, joto likipanda na kupanda, kisha kikanyamaza kabla ya kugusa chini. Ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo vyenye unga wa kufyonza hewa. Hewa ya Zuhura iliingia, unga ukaifyonza, na kwa kupima kilichobaki watu wakajua kwa mara ya kwanza sayari ile jirani inavuta nini. Sehemu tisa na zaidi katika kila kumi za hewa yake ni kaboni dayoksaidi. Vyombo vilivyofuata vilikuta chini kuna joto la kuyeyusha madini ya risasi, na juu mawingu ya asidi, asidi ile ile iliyomo katika betri ya gari.

Wasichana waliokuwa safu ya mbele yao walishika midomo. Ile nyota nzuri ya magharibi! Bi Shariffa hakushika mdomo. Alikuwa amekwama kwenye neno moja tu. Unga. Unga wa kufyonza hewa ya kaboni, ndani ya visanduku vidogo.

Haiwezekani, alijiambia. Ule wetu ulikuwa wa migodini.

Maana majira ya baridi ya mwaka 1966, mwalimu wake wa Leningradi, mama mmoja mkali aliyeitwa Yelena Markovna, alimchukua amsaidie katika chumba cha chini kilichokuwa na jiko la umeme na mizani. Kazi ilikuwa kujaza vichupa potasi, ule unga mweupe unaokula ngozi, kisha kuvipitishia hewa moto na kupima. "Ni kwa ajili ya kupima hewa ya migodi ya makaa," Yelena Markovna alimwambia, na Shariffa hakuwa na sababu ya kutomwamini. Kila mara unga ulivuta unyevu, ukashikana ukawa jiwe, na hewa ikashindwa kupenya. Walihangaika wiki tatu. Siku moja, bila ya kuomba ruhusa, Shariffa alisaga vipande vya kioo vikawa kama chenga za mchele, akavichanganya na ule unga. Hewa ikapita. Yelena Markovna alimbusu kipaji cha uso, na wiki iliyofuata akamwambia kazi imekwisha, asirudi tena chumba kile.

"Nataka nikuonyesheni kitu," alisema Dokta Lev jukwaani. "Mama aliyenifundisha kazi aliniachia madaftari yake. Zamani yalikuwa siri. Huu ni ukurasa wa majaribio ya ule unga. Jina la msaidizi wake limekatwa kwa mkasi na watu wa usalama. Pembeni pameandikwa maneno ambayo hatujapata kuyafahamu. Sisi tunadhani ni msimbo."

Alibonyeza mashine. Ukurasa ulitokea ukutani, mkubwa kama mlango wa gereji. Ulikuwa na safu za tarakimu na Kirusi kilichoandikwa kwa wino wa buluu. Pembeni, kwa herufi za kuinamia kushoto, paliandikwa: *Imeganda tena. Khaa!* Na chini yake: *Tia kioo.*

Kijana mmoja nyuma akasoma kwa sauti, "Imeganda tena, khaa!" na nusu ya ukumbi ikaangua kicheko, maana nusu ya ukumbi ule ilikuwa imelelewa na mama na bibi waliotoka Unguja na bara, waliosema hivyo hivyo jikoni. Wasiojua Kiswahili wakawa wanawauliza wenzao wanacheka nini. Dokta Lev alisimama mdomo wazi. Alimtazama yule kijana, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Unaweza kuyasoma?" aliuliza. "Unaweza *kuyasoma* hayo?"

Rahaf alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Alimgeukia mama yake acheke naye, na kicheko kikamkatika. Bi Shariffa alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini, kwa Kirusi ambacho hakukitamka tangu Awadh alipoichoma ile karatasi.

"Mimi ndiye niliyeandika. Potasi ilikuwa inavuta unyevu. Nilisaga kioo. Yelena Markovna aliniambia ni kazi ya migodini."

Dokta Lev aliteremka jukwaani, hakupita ngazini bali aliruka, mtu mzima yule. Alipita baina ya viti akaja mpaka mbele yake akanyoosha mkono, akakumbuka yuko wapi, akaurudisha kifuani. "Shura," alisema. "Alikuwa akikutaja kwa jina la Shura. Tulidhani ni Mrusi. Alikufa mwaka themanini na tatu, na kila mwaka tarehe kumi na nane Oktoba alikuwa akinywa chai kwa jina lako."

Hapo ndipo Bi Shariffa alipokaa. Siyo kwa sababu ya Zuhura. Hilo la Zuhura lilikuwa bado halijamwingia. Ilikuwa ile chai.

Wakati wa kurudi Rahaf ndiye aliyeshika usukani. Walipofika mzunguko wa barabara pale Mawaleh alisogeza gari pembeni, akasimama.

"Mama," alisema, "wee nani?"

"Mie mama yako."

"Mama yangu hajui Kirusi. Mama yangu huniuliza mie maana ya kemikali kwenye chupa ya sabuni!" Sauti ilimpanda. "Nimekufundisha jedwali la elementi mezani kwetu, na wewe unaniitikia *ehe, ehe*. Ulikuwa unanicheka?"

"Wallahi sikukucheka. Nlikuwa nakusikiliza unavyolisema. Nlikuwa nna miaka thelathini sijasikia mtu akilisema kwa mapenzi."

Rahaf aliweka kichwa juu ya usukani akalia, na Bi Shariffa alimwacha alie, kisha akamwambia yote, na gari za mboga zikiwapita kuelekea sokoni.

Kwa Hamoud hakutaka habari imfikie kwa mdomo wa mtu mwengine. Magharibi ile ile, mumewe alipokwisha kusali na kukaa kwenye kahawa yake, Bi Shariffa alikaa mbele yake, chini ya picha ya Saeed, akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, Leningradi, miaka sita, karatasi iliyochomwa, unga.

Hamoud alishusha kikombe. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua aliyopelekewa kwa makosa.

"Awadh alijua?"

"Alijua."

"Awadh alikaa kitako nami kwenye matanga ya Saeed, akanishika bega, akijua?"

Bi Shariffa aliitika kwa kichwa.

"Sina ugomvi na skuli yako," alisema Hamoud polepole. "Ulikuwa mtoto, ulipelekwa. Lakini miaka ishirini na mbili, Shariffa, mie nakusimulia kila kitu changu. Mpaka ndoto zangu za Saeed nakusimulia. Na wewe umekaa hapo hapo, unanisikiliza tu."

Aliinuka, akachukua funguo, akaenda kwa dada yake aliyekaa Mawaleh. Alikaa huko siku kumi na tisa. Hakupiga simu. Kazini Bi Shariffa aliendelea kuosha vyupa, lakini habari ilishatoka chuo kikuu ikaingia mjini, na walimu walimtazama kana kwamba karo limeanza kusema. Yule binti wa asidi, ambaye sasa alikuwa mwalimu mkuu wa sayansi, alikuja akasimama karibu naye, akachukua kitambaa akaanza kufuta vyupa pamoja naye.

Siku ya ishirini, Ijumaa, Hamoud alirudi na kreti la nyanya na ndimu kutoka sokoni, akaliweka jikoni.

"Huo unga," alisema bila ya kumtazama. "Ulifika kweli?"

"Wanasema ulifika."

"Ukafanya kazi?"

"Ukafanya kazi."

Alivuta kiti. "Nieleze. Anzia ulipopanda ndege Unguja. Usiruke kitu."

Alimweleza mpaka adhana ya alasiri, na Hamoud aliuliza maswali magumu, mengine ya kuumiza, naye akajibu yote. Baadaye Hamoud alisema hajui kama ameshasamehe, ila amechoka kula kwa dada yake.

Ni yeye, hata hivyo, aliyeanza kuulizia shahada. Bila karatasi Bi Shariffa hakuwa na kitu, na Dokta Lev aliandika kwao watafute kumbukumbu. Ilichukua mwaka mmoja na miezi saba. Nchi iliyompa shahada haikuwepo tena, mji wenyewe umebadilishwa jina, na chuo kikawa kinataka barua kutoka ofisi iliyofungwa. Bahasha ilipofika mwaka 1999, mlikuwa na nakala yenye mhuri na, kwa wema wa karani fulani asiyejulikana, picha yake ya kitambulisho cha mwanafunzi. Hamoud aliitazama ile picha, msichana mwenye kofia ya manyoya, macho yanacheka, theluji begani.

"Subhanallah," alisema. "Huyu ndiye wewe?"

"Ndiye."

"Huyu sikumjua kabisa." Aliitia picha mfukoni mwa kanzu, na hakuirudisha.

Alimpeleka wizara ya elimu mwenyewe, aombe kufundisha, akapanga foleni mwenyewe, akabishana na karani aliyesema mama huyu amebakisha miaka michache kustaafu, kwa hiyo kuna haja gani. "Haja yake aijue yeye," Hamoud alimjibu. "Kazi yako ni mhuri." Mhuri ukapigwa.

Septemba mwaka 2000 Bi Shariffa aliingia darasa la kumi katika skuli ile ile. Wasichana walikuwa wakipiga soga, wakamwona, wakaendelea kupiga soga. Mmoja, Atheer, msichana mwenye sauti kubwa, alimuuliza, "Mama Shariffa, mwalimu wetu yuko wapi?"

Akachukua chaki akaandika jina lake ubaoni, na chini yake *Kemia*. Soga zilikufa moja moja, mpaka kikasikika kiyoyozi tu. Alikuwa na miaka hamsini na nne.

Alifundisha miaka sita mpaka alipostaafu, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa mkali kuliko wote na hakumtuma mtu chai. Rahaf alipata kazi katika maabara ya kupima maji. Dokta Lev hupiga simu kila Idi, na Bi Shariffa huichukua jikoni, amefunga mlango. Hamoud hajataka Kirusi kisemwe chumba cha kulia, mbele ya picha ya Saeed, na Bi Shariffa hajamwomba ruhusa.